Lori la jeshi lisiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Unguja aliyeshauri kwamba malori ya kijeshi ya zamani, yale yaliyolala kwenye mayadi na nyuma ya majengo Unguja na Pemba, yakusanywe yote, yakatwe, yapelekwe kuyeyushwa. Hoja yake ni kwamba hayana kazi tena, yanaziba nafasi na yanafuga mbu. Kuhusu mbu nakubaliana naye. Hayo mengine nayapinga, kwa sababu mimi ninalo moja, linatembea, na ndilo linalonilisha.

Mimi ni mwanamke, mkaazi wa Wete. Lori langu ni Bedford RL. Marehemu baba yangu alilinunua mnadani bara likiwa limeshamaliza utumishi wake jeshini, akalivusha kwa meli mpaka Mkoani. Alipofariki, katika kugawana mirathi kaka zangu walipendelea mikarafuu, mimi nikaomba lori liingie katika fungu langu. Watu walisema mengi wakati huo. Leo hao hao wakitaka mawe, mchanga au matofali yafike kwenye kiwanja kilicho juu ya kilima cha udongo mwekundu, masika imekolea na kila gari la mzigo limegoma, wanajua nyumba ya kubisha hodi. Nabeba mawe ya msingi, nabeba mwani uliokauka kutoka upande wa Micheweni, nabeba magunia ya karafuu wakati wa msimu, nabeba na vyombo vya harusi. Mtambwe mvua ikinyesha mfululizo, gari linalofika kwa miguu yake lenyewe bila ya kusukumwa si kila gari.

Kwa wasiolijua, RL ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953, na utengenezaji wake ukaendelea hadi 1969. Ni lori la magurudumu manne tu, lakini yote manne yanavuta. Jeshi la Waingereza lililiweka katika daraja la tani 3, baadaye likapandishwa hadi tani 4. Injini yake ya asili ni ya petroli, silinda sita, lita 4.9, na kwa petroli ya leo hakuna mfanyabiashara wa Pemba atakayeimudu. Ndiyo maana baba aliitoa, akaweka injini ya dizeli ya Bedford iliyotoka kwenye basi, ile ya inchi za ujazo 330, ambayo ni kama lita 5.4. Hapo ndipo penye jambo ambalo ndugu yangu wa Unguja hakulitazama.

Wengi wakiliona lori kuukuu hudhani shida yake ni injini. Injini si shida kabisa. Bedford lilikuwa gari la raia kabla na baada ya kuwa gari la jeshi. Lilikuwa basi, lilikuwa lori la mizigo, na chasisi zake ndizo zilizobeba nyingi ya zile gari za abiria za bodi la mbao ambazo watu wa umri wangu tumezipanda kwendea skuli. Biashara yake ya malori iliuzwa mwaka 1987, na kampuni iliyoinunua nayo ikafilisika 1992. Hata hivyo, kule Pakistan, Bedford haijafa, yale malori yaliyochorwa maua na nakshi kila mahali yangalipo barabarani, na kwa sababu hiyo ringi, gasketi, plati ya klachi na beringi za injini zinapatikana kwa anayejua kuagiza. Mimi naagiza kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mzigo unakuja kwa boti.

Shida iko chini ya lori, kwenye vile vitu ambavyo basi halikuwa navyo. Transifa, yaani lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Difu ya mbele, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto. Shafti za mbele na viungo vyake vinavyovuta huku vinakata kona. Vitu hivyo vilifungwa kwenye malori ya jeshi na ndugu zake wachache, na hakuna anayevitengeneza tena. Kilichobaki duniani ni kile kilichomo ndani ya malori yaliyobaki. Kila RL inayokatwa kwa gesi Zanzibar inapunguza uhai wa zile zinazotembea, na hakuna pesa itakayokirudisha kilichokatwa.

Nasema hivi kwa niliyoyaona. Kabla ya masika iliyopita nilipata habari kwamba kuna RL mbili zimelala kwenye yadi ya taasisi moja huko Unguja. Transifa yangu ilikuwa imeanza kulia, gia ya chini ikiruka kila tukipanda mlima na mzigo, kwa hivyo sikungoja. Nilipanda boti na fundi wangu, mzee ambaye mimi namwita Ami, aliyelishika lori hili tangu enzi za baba. Tulipofika, moja ilikuwa imeshakatwa. Ekseli ya mbele imepasuliwa vipande vitatu ili watu wawili waweze kuibeba mpaka kwenye mizani. Oili ya difu ilikuwa imemwagika mchangani, na rangi yake ilikuwa ya asali. Ami aliinama, akachovya kidole, akaisugua baina ya kidole na kidole akitafuta chembe za chuma. Hakupata hata moja. Akaingiza mkono kwenye kile kipande cha kati, akaizungusha kraunwili, ile gia kubwa ya duara ya difu, kwa kiganja, jino baada ya jino, akinionesha. Meno yote mazima, hayana shimo, hayajaliwa pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, difu hii ingetuzika sisi sote." Halafu akanionesha upande wa pili, pale moto wa gesi ulipopita, chuma kimegeuka rangi ya buluu. Gia hupikwa kiwandani ikawa ngumu, na ikipigwa moto ule ugumu hutoka. Hata meno ambayo hayakuguswa na mwali yalikuwa yameshaharibika.

Tuliuliza bei ya lile la pili lililokuwa bado zima. Tukaambiwa limeshauzwa kwa uzito pamoja na mwenzake, na aliyenunua anataka chuma. Nikasema nitatoa zaidi ya bei ya chuma kwa transifa na ekseli ya mbele peke yake, na lililobaki wachukue wao. Hapakuwa na mtu pale mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Mlinzi alituonea huruma tu. Tulirudi Pemba na propela shafti moja tuliyouziwa na vijana wa mizani, na wiki iliyofuata nikasikia kwamba na la pili limeshakatwa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kwenye mizani, kilo ya bloku ya injini iliyopasuka na kilo ya gia nzima ya transifa ni sawasawa. Aliyeuza kwa kilo aliuza kitu kizima kwa bei ya kitu kibovu. Taasisi ilipata hasara, mimi nilipata hasara, na aliyefaidika ni mwenye mtungi wa gesi peke yake. Simlaumu yeye, anatafuta riziki. Lawama yangu ni kwa utaratibu wa zabuni unaoandika "vyuma chakavu, jumla" bila ya mtu kufungua boneti wala kuuliza kama kuna anayehitaji.

Msomaji mwenzangu alisema pia kwamba malori haya ni hatari barabarani. Hapa simkatalii moja kwa moja. Lori lililozeeka bila ya mtunzaji ni hatari kweli, na mimi wa kwanza nitaunga mkono likisimamishwa njiani likaguliwe, langu likiwamo. Lakini hatari ile ina sababu, na sababu zake zinajulikana.

Chukua breki. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewa. Visiwani kwetu unyevu ni wa kumwaga, kwa hivyo mafuta yaliyokaa miaka kwenye mirija yameshajaa maji. Maji hayo yanafanya kazi mbili mbaya. Yanatia kutu ndani ya silinda za magurudumu mpaka pistoni zinakwama, na siku ukiteremka mlima mrefu na mzigo, breki zikapata moto, maji yanachemka yakawa mvuke, pedali inakwenda mpaka chini na lori halisimami. Watu wanasema breki za zamani mbovu, kumbe breki ni zile zile ila mafuta hayajabadilishwa tangu mtoto wa mwenye gari akiwa chekechea. Mimi namwaga yote kila mwaka kabla ya masika, natia mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Chupa iliyobakia nusu haiwekwi kwa mwakani.

Na jambo jingine, ambalo nimelikuta kwa madereva wengi. Mafuta ya breki yakipungua safarini, mtu anatia oili ya injini, anasema mafuta ni mafuta. Au fundi anaosha mipira ya silinda kwa petroli. Mipira ile haivumilii mafuta ya madini hata kidogo. Inavimba, inakuwa laini, breki zinashika zenyewe na kuunguza dramu, au zinaachia kabisa. Ikishatokea hivyo hakuna dawa ila kung'oa kila mpira katika mfumo mzima na kuosha mirija yote. Ami huosha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, basi. Na mkifungua dramu za lori la umri huu, jamani, msipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linakaa kwenye mapafu, linaleta saratani baada ya miaka. Lilowesheni kwa maji, mlifute kwa kitambaa, kitambaa mkifukie.

Kubwa kuliko yote ni magurudumu, na kama barua hii itasomwa na fundi pancha mmoja tu akaelewa sehemu hii, nitashukuru.

Magurudumu mengi ya magari ya kijeshi ya Kiingereza, kuanzia malori mpaka Land Rover, hayana rimu ya kipande kimoja. Rimu ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa mduara wa bolti na nati, ili askari aweze kubadilisha mpira porini bila ya mashine. Kwa hivyo ukilitazama gurudumu unaona miduara miwili ya nati. Mduara wa ndani, karibu na kitovu, ndio unaolishika gurudumu kwenye gari. Mduara wa nje ndio unaovishika vile vipande viwili visiachane. Mpira ukiwa umejaa upepo, vipande hivyo vinasukumana kwa nguvu ya tani kadhaa, na hakuna kinachovizuia ila zile nati za nje. Mtu akizilegeza mpira ukiwa na upepo, gurudumu linapasuka katikati na kipande cha nje kinaruka na kila kilicho mbele yake. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Ndiyo maana jeshi lilikuwa likizipaka nati za nje rangi nyekundu.

Niliwahi kusimama njiani, si mbali na Konde, pancha ya gurudumu la nyuma, upepo umepungua lakini haujesha. Kijana wa pancha, mpole na mchapakazi, alikaa chini mbele ya gurudumu, akaliangalia, akachagua spana, akaitia kwenye nati nyekundu ya kwanza. Akaniuliza huku ameshaanza kuegemea spana, "Shangazi, hizi ndizo za kuanza, eti?" Nilimwambia weka spana chini mwanangu, na nadhani sauti yangu ilimfikia mtu wa nyumba ya tatu. Nilikaa naye pale pale nikamwonesha. Kwanza nati za ndani, gurudumu lishushwe. Pili ing'olewe sindano ya valvu, upepo utoke wote, mpaka mpira uminywe kwa mguu ubonyee. Tatu ndipo nati nyekundu. Na wakati wa kujaza upepo upya, gurudumu lilazwe uso chini au lifungwe mnyororo, na mtu akae pembeni, asisimame mbele yake. Bolti zikishaliwa na kutu hazibadilishwi kwa bolti yoyote ya dukani, maana bolti laini hukatika. Zinatafutwa za ugumu ule ule. Yule kijana sasa ndiye mtu wangu upande ule wa kaskazini, na nati zangu nazipaka rangi upya kila mwaka kwa mkono wangu, wala simwachii mtu.

Nauliza, je, elimu hiyo kijana angeipata wapi? Haiko kwenye gari za kisasa. Iko vichwani mwa wazee wachache, na iko kwenye malori yenyewe.

Hili la kuendesha nitalisema kwa ufupi, kwa sababu dereva wangu, mtoto wa kaka yangu, ananisumbua nalo hata leo. Foo-wili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, ni ya tope na mchanga, si ya lami. Lori hili halina difu ya katikati, baina ya mbele na nyuma. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope yanateleza kidogo, mambo yanakwisha. Kwenye lami hayawezi kuteleza, kwa hivyo ile tofauti inajikunja ndani ya shafti na gia za transifa, inaongezeka kona baada ya kona, mpaka kitu kinakatika. Transifa nyingi zilizokufa Pemba hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwenye lami, vijana wakitaka kuonekana wanaendesha gari la jeshi. Anayenunua lori kama hili na alijue hilo siku ya kwanza.

Kuhusu kutu. Kila mtu ananiuliza lori la chuma linadumu vipi kisiwani, na tena linabeba mwani. Mwani hata ukiwa mkavu ni chumvi tupu, gunia likitikisika chumvi inashuka kwenye mbao na kutoka hapo kwenye chasisi. Dawa ni maji matamu, mengi, siku ile ile, kwa kulala chali chini ya lori na ndoo na brashi, si kumwagia juu tu pawe pazuri. Chasisi ya Bedford ina faida moja kubwa. Ni chuma kilicho wazi upande mmoja, unakiona chote, unakisugua chote. Tazama Land Rover za zamani. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa sababu ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hivyo kwa nje inaonekana nzima. Lakini chasisi yake ni ya sanduku lililofungwa, chumvi inaingia ndani, haitoki, na inaoza kuanzia ndani kuja nje. Ngapi tumeziona bodi zinang'ara na chasisi zimekatika mgongo? Mwenye Land Rover asidanganywe na bodi, achukue nyundo ndogo apige pige chini, asikilize.

Chasisi ikishakauka naipaka sifa, ile ile ya mafuta ya papa inayopakwa vyombo vya baharini. Baba alijifunza kwa waunda majahazi. Inanuka siku kadhaa, wateja wa vyombo vya harusi wanalalamika, lakini inaingia kwenye maungio na inazuia kutu kuliko rangi nyingi za dukani. Inapakwa mbali na mipira ya breki na mipira ya ndani ya viungo. Bodi la juu ni la mbao za mvule, na hilo ni kazi ya seremala, zikioza tatu zinabadilishwa tatu.

Nimeyaeleza haya yote ili ionekane kwamba kulitunza lori hili ni kazi yenye utaratibu, si mapenzi ya vitu vikuukuu. Waingereza wenyewe walitumia chasisi ya RL kutengeneza magari ya zimamoto yaliyoitwa Green Goddess, kati ya mwaka 1953 na 1956, kwa ajili ya kikosi cha akiba. Kikosi kile kilivunjwa mwaka 1968. Magari hayakukatwa. Yaliwekwa ghalani yakatunzwa, na wazimamoto walipogoma mwaka 1977 wanajeshi waliyatoa yakazima moto, na mwaka 2002 wakayatoa tena, yakiwa na umri wa karibu miaka hamsini. Baada ya hapo yaliuzwa yakiwa mazima, na baadhi yake yaliletwa kufanya kazi hapa Afrika. Nchi yenye viwanda na pesa haikuona aibu kutunza. Sisi ambao kila bolti tunaivusha bahari tunaharakisha kukata.

Ombi langu kwa taasisi zote zenye malori ya namna hii, ziwe za Serikali au za watu binafsi, ni dogo. Kabla ya kuita mizani, tangazeni kwenye gazeti hili na redioni: aina ya lori, lilipo, na kwamba linauzwa zima au kwa vipande. Toeni mwezi mmoja. Wenye kuhitaji transifa, ekseli, usukani, rimu, waje na spana zao wafungue kwa bolti, walipe, na risiti iandikwe. Linalobaki baada ya mwezi likatwe, sitasema neno. Na lori linalouzwa zima liuzwe na karatasi zake, kwa sababu lori lisilo na karatasi halisajiliki, na lisilosajiliwa mwisho wake ni mizani ile ile.

Tena ningeomba moja, moja tu, lipelekwe chuo cha amali cha Vitongoji. Halina kompyuta, halina waya zilizofichwa. Mwanafunzi akiifungua transifa yake anaona kwa macho nguvu inapita wapi, gia ipi inashika ipi, na akiifunga akakosea atasikia. Ami ameniambia yuko tayari kwenda kufundisha bila ya malipo maadamu atapelekwa na kurudishwa, na mimi nitampeleka. Umri wake umeshakuwa mkubwa, kwa hivyo wanaohusika wasikae sana na shauri hili.

Kwa ndugu yangu wa Unguja, karibu Pemba. Njoo msimu wa karafuu au wa mvua, upande nami mbele mpaka Mtambwe na mzigo wa mawe, kisha andika barua nyingine. Nitaisoma kwa moyo mkunjufu hata kama hutabadilisha rai yako.

Na kwa yeyote anayejua ilipo RL iliyolala, nzima au nusu, hasa yenye transifa ambayo haijaguswa na gesi: afike Wete bandarini aulizie Bedford ya kijani, ataoneshwa. Transifa yangu tumeifungua mara hii, Ami ameikerezea bushi ya muda, na inanitosha mpaka mwisho wa msimu. Nitalipa zaidi ya bei ya kilo, na nitakuja na spana zangu mwenyewe.

Wako,
Mwenye Bedford,
Wete, Pemba.